Ekalakala na Seva Inayobeba Seva Nyingine

Anayetaka kuendesha mashine pepe kwenye Linux kwa kawaida huanza kwa kuuliza programu ipi ni bora. Mimi ningemwambia aulize kwanza programu hiyo inakaa wapi: ndani ya kerneli au nje yake? Kwa aliye Nairobi na faiba ofisini, jibu halimwongezei wala kumpunguzia mengi. Lakini chukua chumba cha kompyuta sokoni Ekalakala, katika eneobunge la Masinga, Machakos, kinachopata intaneti kwa laini ya simu na bando la kununua. Hapo tofauti ya ndani na nje inaingia mfukoni, na inaingia kila kerneli inaposasishwa.

Tuanze na ya nje. Julai 2006 VMware ilitoa VMware Server bila malipo, na watu wa Linux wakaichangamkia. Ulipakua faili, ukaifungua, ukaendesha vmware-install.pl, kisha vmware-config.pl ikaanza kukuhoji: mtandao uwe wa aina gani, mashine zihifadhiwe wapi, nambari ya leseni ni ipi. Swali lililowakwamisha wengi lilihusu faili za vichwa vya kerneli. Programu ilihitaji moduli mbili, vmmon ya kushughulika na prosesa na vmnet ya mtandao, na kama hazikuwapo zilizokwisha kuandaliwa kwa kerneli yako, ilibidi uzijenge papo hapo. Hapo ulihitaji gcc, make na vichwa vya kerneli ileile inayoendesha mashine, si ya wiki jana. Toleo likipishana, moduli inakataa. Ukifaulu, sasisho lijalo la kerneli linakurudisha kwenye mahojiano yaleyale.

Lawama si ya VMware peke yake. Watengenezaji wa Linux hujitahidi sana wasivunje programu za kawaida, lakini hawaahidi kwamba viungo vya ndani ya kerneli vitabaki vilivyo. Moduli inayotunzwa nje ya msimbo wao ni kama banda lililoegemezwa ukuta wa jirani: jirani akiamua kubomoa, halazimiki kukuaga. Ndiyo maana viraka vya watu wa kujitolea vilizagaa, kila kimoja kikijaribu kuifanya vmmon ikubali kerneli mpya. Toleo la 2.0 lilikuja Septemba 2008 likiwa na ukurasa wa usimamizi kwenye kivinjari, mlango 8333, na faili ya karibu nusu gigabaiti. Juni 30, 2011 VMware wakaacha kuihudumia. Ilikuwa ya bure, lakini ilikuwa na mwenyewe.

Wakati huohuo Avi Kivity na wenzake wa Qumranet, kampuni iliyoanzia Israeli, walikuwa wamechagua njia nyingine. Intel walishaanza kuweka VT-x kwenye prosesa mwaka 2005, AMD wakafuata 2006 na teknolojia yao, kwa hiyo kazi ngumu ya kutenganisha mashine pepe ingeweza kuachiwa prosesa yenyewe. KVM ikaandikwa kama moduli ndogo inayoigeuza kerneli ya Linux kuwa msimamizi wa mashine hizo. Upangaji wa zamu za prosesa na ugawaji wa kumbukumbu tayari ulikuwemo. Hakuna aliyeuandika upya. Iliingia rasmi katika kerneli 2.6.20, Februari 2007, na Septemba 2008 Red Hat wakainunua Qumranet kwa dola milioni 107. Tangu KVM iingie ndani, anayeugusa ukuta ndiye anayerekebisha banda.

Sasa weka mezani kompyuta ya mtumba, zile zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya na kuuzwa Nairobi. Core i5 yenye viini vinne, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na diski ya SSD zinabeba mashine pepe tatu za wastani bila kulalamika. Kabla ya kutumia hata megabaiti moja ya bando, andika ls /dev/kvm. Faili hiyo isipoonekana, mara nyingi prosesa haina kasoro. BIOS ndiyo iliyofunga uwezo huo. HP nyingi huingiwa kwa F10, Dell kwa F2, kisha unatafuta Virtualization Technology na kuiwasha. Ukiruka hatua hii, QEMU, programu inayoendesha mashine pepe kwa kushirikiana na KVM, italazimika kuigiza prosesa nzima kwa programu, na mashine pepe itatambaa mpaka uilaumu kompyuta.

Usakinishaji wenyewe kwenye Debian hauna hadithi: apt install qemu-system-x86 libvirt-daemon-system libvirt-clients virtinst, kisha unajiongeza kwenye kundi la libvirt, inayosimamia mashine pepe. Hakuna moduli ya kujenga. Anayeweka Windows kwa ajili ya hesabu za chama cha akiba ndiye atakayeshtuka kidogo: akichagua diski ya virtio, ambayo ndiyo yenye kasi, kisakinishi kitamwambia hakioni diski yoyote. Windows haiji na viendeshi vya virtio. Aambatishe ISO ya viendeshi hivyo kama CD ya pili na kuvipakia hapohapo.

Mtandao ndio penye kazi. libvirt huja na mtandao wake wa ndani, 192.168.122.0/24, unaoziruhusu mashine pepe kutoka nje lakini haumruhusu aliye nje kuingia. Kwa majaribio, sawa. Lakini tuseme mashine pepe moja inaendesha Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, na wanafunzi wanataka kuifungua kwa simu zao kupitia WiFi ya chumba. Hawataifikia. Inatakiwa daraja, yaani br0, linaloifanya mashine pepe ionekane kwenye mtandao kama kompyuta nyingine yoyote. Na daraja hilo halitengenezeki kawaida ikiwa seva yenyewe imeungwa kwenye ruta kwa WiFi: ruta humtambua mteja mmoja kwa anwani ya kadi yake, na fremu zenye anwani nyingine hazipokelewi. Kwa ruta ya 4G iliyotundikwa dirishani ili ikamate mnara, kishawishi cha kuacha seva kwenye WiFi ni kikubwa. Nunua waya wa Ethaneti wa mita za kutosha. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mpango huu, na saa nyingi zimepotea mahali pengi kwa kukikosa.

Stima nayo. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981 na lenye mitambo ya megawati 40, liko mpakani mwa eneobunge hilohilo, lakini ujirani na bwawa haumkingi mtu na giza. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima ilizimika. Kwenye maelezo ya kila diski weka cache='none', na uiepuke 'unsafe' hata kama inaharakisha usakinishaji, kwa maana hupuuza agizo la kuandika data diskini. UPS iunganishwe kwa USB na apcupsd au NUT ili seva ijue stima imekwenda. Katika /etc/default/libvirt-guests andika ON_SHUTDOWN=shutdown, na PARALLEL_SHUTDOWN ili mashine pepe zizimwe pamoja badala ya kupangana foleni huku betri ikiisha. Stima ikirudi, virsh autostart itaziamsha, mradi BIOS imeambiwa iwashe kompyuta yenyewe.

Limebaki bando. Pakua picha moja ya Debian, iite msingi.qcow2, isasishe, izime, kisha kwa qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 darasa.qcow2 unapata mashine mpya inayohifadhi tofauti tu. Kumi zikihitajika, upakuaji unabaki mmoja. Masasisho ya baadaye yapitie apt-cacher-ng kwenye seva, kila kifurushi kishuke mara moja. Ile msingi.qcow2 isiwashwe tena kama mashine: ikibadilika hata kidogo, kila diski iliyojengwa juu yake inaharibika.