Namna ya Kumtambua Mkufunzi Bora wa Kiwanda

Mwaka 1969, kubadilisha kalibu kwenye presi ya tani 1,000 katika kiwanda cha Toyota kulichukua saa nne. Volkswagen, kule Ujerumani, walikuwa wakiifanya kazi ya namna hiyo kwa saa mbili, na wakuu wa Toyota walitaka kuwapita. Akaitwa mhandisi mshauri wa Kijapani, Shigeo Shingo. Kwa miezi sita yeye na mafundi walitenganisha kazi ambazo lazima mashine isimame ndipo zifanyike na zile zinazoweza kufanywa huku mashine ikiendelea kuzalisha: kusogeza kalibu mpya karibu, kuchagua bolti, kuandaa spana. Muda ukashuka hadi dakika 90. Wakuu hawakuridhika; wakataka kazi ichukue chini ya dakika tatu. Miezi mitatu baadaye hilo nalo likawezekana.

Kisa hicho ni cha kawaida katika semina za uzalishaji usio na upotevu, na kukisimulia hakuna ugumu. Ugumu ni kusimama mbele ya mashine ya kiwanda kigeni, saa mkononi, na kuwafundisha wanaoiendesha hadi waweze kuendelea wenyewe. Huo ni ufundi kamili, na kama ufundi wowote, kuna unaofanywa vizuri na unaofanywa ovyo.

Afrika Mashariki inauhitaji. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia 5S, mbinu ya kupanga na kusafisha mahali pa kazi, mwaka 2007, na maneno sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia yakaenea katika hospitali nyingine za Tanzania. Mwaka 2013 wizara ya nchi hiyo inayosimamia viwanda ilianza mradi wa kaizen, yaani uboreshaji endelevu, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA. Ethiopia ilikwishaanzisha taasisi yake ya kaizen mwaka 2011. Kadiri mahitaji yanavyokua, ndivyo wanaojiita washauri wanavyoongezeka. Mwenye kiwanda anayetaka kuajiri mmoja wao, na fundi kijana anayetaka kuwa mmoja wao, wanahitaji vipimo vilevile.

Saa za kwanza

Kipimo cha kwanza ni mahali mgeni anapoanzia. Mshauri dhaifu huomba chumba cha mikutano na projekta. Aliye bora huomba ovaroli, viatu vya usalama na ruhusa ya kuingia zamu ya usiku. Taiichi Ohno, aliyejenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, anakumbukwa kwa kuchora duara la chaki sakafuni na kumtaka meneja asimame ndani yake kwa saa nyingi, akitazama tu. Alitaka mtu aone kwa macho yake mfanyakazi anayetembea kufuata kifaa, mzigo unaosubiri, mashine inayokwama sekunde chache kila baada ya muda mfupi bila yeyote kuandika.

Maswali ya mshauri nayo humtambulisha. Mjuzi humuuliza opereta kabla ya kumuuliza meneja, na huuliza mambo mahususi: mashine husimama wapi zaidi, nani huizindua tena, kwa kugusa nini? Opereta aliyekaa na mashine miaka kumi anajua sauti yake ikiwa nzima na sauti yake ikianza kuugua. Mshauri asiyeandika majibu ya mtu huyo ameacha nusu ya taarifa aliyokuja kuitafuta.

Hesabu zake

Kipimo kinachotumika sana viwandani ni OEE, yaani ufanisi wa jumla wa mashine. Kilienezwa na Seiichi Nakajima wa Taasisi ya Matengenezo ya Viwanda ya Japani pamoja na mfumo wa TPM, unaomshirikisha kila mfanyakazi katika kuitunza mashine. Hesabu yake huzidisha mambo matatu: muda mashine iliofanya kazi, kasi yake, na ubora wa kilichotoka.

Chukua mashine ya kujaza chupa inayoweza kujaza chupa 60 kwa dakika. Zamu ina dakika 450 za uzalishaji uliopangwa. Mashine ikisimama dakika 60, zimebaki 390, sawa na asilimia 86.7 ya muda. Katika dakika hizo ilipaswa kutoa chupa 23,400, lakini imetoa 18,720, yaani asilimia 80 ya kasi yake. Kati ya hizo 18,000 ndizo nzima, asilimia 96.2. Ukizidisha yote matatu, OEE ni takriban asilimia 67.

Sasa tazama hila. Mtu akiandika kwamba kasi halisi ya mashine ni chupa 48 kwa dakika, chupa zilezile 18,000 zinageuka kuwa asilimia 83, karibu kabisa na asilimia 85 ambayo Nakajima aliitaja kuwa kiwango cha viwanda bora. Hakuna chupa iliyoongezeka. Ripoti ndiyo iliyonona. Kwa hiyo anayepokea ripoti ya mshauri aanze kwa kuuliza kasi iliyotumika imetoka wapi: kwenye kibao cha mtengenezaji, kwenye kipimo kilichochukuliwa kiwandani, au kwenye makadirio ya mtu? Mshauri mwaminifu hujibu papo hapo. Pia hueleza jambo ambalo mteja huenda asilipende: mara nyingi OEE hushuka katika wiki za kwanza za mradi, kwa sababu kusimama kwa muda mfupi kulikokuwa hakuandikwi sasa kunaandikwa.

Anavyoielewa mashine

Matengenezo yana imani zake za zamani, na kubwa kuliko zote ni kwamba kila kipuri kina umri wake, hivyo kibadilishwe kwa kalenda. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines walitoa ripoti iliyoitikisa imani hiyo. Katika vifaa vya ndege walivyovichunguza, asilimia 11 tu vilionyesha dalili ya kuchakaa kwa umri. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi mwanzoni kabisa mwa maisha yake, kisha hatari ikapungua na kutulia. Maana yake ni kwamba kufungua mtambo mzima bila sababu kunaweza kuuletea ugonjwa ambao haukuwa nao.

Mjuzi anazijua takwimu hizo, na anajua pia kwamba zilihusu ndege. Hazibandiki juu ya kinu cha kusaga mahindi au kiwanda cha saruji, ambako vumbi na mikwaruzo huchakaza vipuri kwa namna nyingine kabisa. Yeye huuliza historia ya mtambo uliopo, na kama haijaandikwa, huanza kuiandika.

Mpe beringi iliyokufa na umsikilize. Fundi wa kawaida atasema imeisha. Aliyebobea ataigeuza kwenye mwanga na kuisoma. Rangi ya kahawia au buluu ni dalili ya joto kali. Michirizi iliyopangika sawasawa kwenye njia ya gololi huashiria umeme uliopita ndani yake, tatizo linalojulikana katika mota zinazoendeshwa na vidhibiti vya kasi. Uchakavu wa upande mmoja humfanya aulize kama shafti zilinyooshwa vizuri. Kisha ataomba kuona bomba la grisi, kwa kuwa grisi ikizidi beringi huchemka, na grisi za aina mbili zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuyeyuka na kuvuja.

Anavyofundisha

Kati ya 1940 na 1945, Marekani iliendesha mpango wa kuwafundisha haraka wafanyakazi wapya wa viwanda vya vita. Njia yake ilikuwa na hatua nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache aifanye mwenyewe, kisha umfuatilie. Baada ya vita Japani iliichukua, na bado ndiyo kipimo kizuri cha somo lolote la karakana. Hesabu nani ameshika spana. Ikiwa mkufunzi ndiye anayeishika saa nzima, darasa limetazama onyesho tu.

Somo zuri huwa dogo na mahususi: karatasi moja, picha moja, jambo moja, kwa Kiswahili cha karakana. Usafi wa kwanza wa mashine ni mfano mwema. Mikononi mwa mkufunzi hodari huwa ukaguzi, kwa sababu mkono unaofuta ndio unaogundua nati iliyolegea, ufa kwenye fremu na oili inayotiririka. Kila kasoro hufungiwa kadi. Baada ya mwezi, mwenye kiwanda ahesabu kadi zilizofungwa na zilizoondolewa baada ya kurekebishwa. Zikining'inia zote, kilichofanyika kilikuwa usafi tu.

Vyeti na njia ya kufika

Vyeti vina uzito tofauti. Mikanda ya Six Sigma, mbinu ya kupunguza kasoro za uzalishaji, iwe ya kijani au nyeusi, haina mamlaka moja duniani inayoitawala. Thamani yake hutegemea aliyeitoa na iwapo alidai mradi uliokamilika. Cheti cha uchambuzi wa mtetemo kinachofuata kiwango cha ISO 18436-2 kina ngazi nne, na kila ngazi hudai uzoefu wa kazi pamoja na mtihani. Mhandisi wa Tanzania aulizwe usajili wake kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wa Kenya kwa Bodi ya Wahandisi ya nchi yake.

Lakini hakuna cheti kinachoziba pengo la karakana. Ohno alianza kwenye kiwanda cha nguo cha Toyoda mwaka 1932, akahamia magari mwaka 1943, na alikwenda na macho aliyoyapata kwenye mashine za nyuzi. Kijana aliyetoka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, au chuo cha ufundi atafanya vyema kupitia kwanza miaka ya zamu na ya mashine zinazoharibika usiku, achague eneo moja alijue kwa kina, kama vilainishi, mtetemo, umeme au ubadilishaji wa kalibu, ndipo aanze kufundisha wengine kabla ya kuuza ushauri.

Kabla ya kusaini

Mkataba mzuri hutaja mambo manne. Hali ya mwanzo ipimwe na pande zote mbili pamoja, kwa kanuni zilizoandikwa. Watajwe kwa majina wafanyakazi watakaoweza kufundisha wenzao mradi ukiisha. Takwimu na fomu zote zibaki mali ya kiwanda. Na sehemu ya malipo isubiri ukaguzi wa miezi sita na wa mwaka mmoja, ili kitakachopimwa kiwe tabia ya kazi na matokeo, zaidi ya fomu za kuridhika zinazojazwa siku ya mwisho ya semina.

Hatimaye, mwenye kiwanda aombe kutembelea mteja aliyehudumiwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Akifika, asome tarehe ya mwisho kwenye ubao wa mashine, amwombe opereta aeleze namba zilizopo, kisha aulize ni nani aliyemfundisha. Akitajiwa mfanyakazi mwenzake badala ya mshauri, ana sababu nzuri ya kusaini.