"Clue": Kitendawili chenye Majibu Matatu

Filamu ya Kimarekani iitwayo "Clue", iliyoongozwa na Jonathan Lynn mwaka 1985, ina asili yake katika mchezo wa ubao na karata uliobuniwa na Mwingereza Anthony Pratt na kuanza kuuzwa mwaka 1949. Wageni sita waliopewa majina ya bandia wanakutana katika jumba moja usiku wa mvua. Mtu anayetajwa kuwa ndiye anayewatoza fedha ili asifichue siri zao anauawa, na kila mmoja anashukiwa.

Ilipotolewa, kila jumba la sinema lilionyesha mwisho mmoja tu kati ya mitatu, na kila mwisho una jibu lake. Je, huku si kumpunja mtazamaji? Tukiihukumu kama hadithi ya upelelezi, lawama hiyo ni ya haki, maana dalili zinazomwelekea kila mtu hazimwelekei yeyote. Lakini tukumbuke kwamba katika mchezo wenyewe muuaji hubadilika kila karata zinapochanganywa.

Utamu wa filamu hii uko kwingine. Karibu na mwisho, mtumishi mkuu wa jumba, anayeigizwa na Tim Curry, anayasimulia upya mambo ya usiku ule, akikimbia chumba hadi chumba na kuwaigiza wenzake, hata waliokufa. Mengi ya hayo tumekwisha kuyaona, na bado tunacheka. Kitendawili kikishateguliwa hupoteza nguvu. Ngano husimuliwa tena na tena kwa ajili ya ufundi wa msimulizi. Kwa hiyo twaiona "Clue" kuwa fumbo dhaifu, bali kichekesho imara.