Kidole Kilichosuguliwa na Nyavu

Mvuvi wa Mbita aliyevuta nyavu za omena kwa miaka 20 hana alama za vidole sawa na za karani. Wala mama anayeponda mawe ya dhahabu kule Macalder, Migori: nyundo na vumbi vimemlainisha ncha za vidole. Kifaa cha kusajili wagonjwa kwa alama za vidole hutafuta mahali ambapo mistari ya ngozi inakatika au kugawanyika, na kila mahali hapo huhesabiwa kuwa pointi moja. Kidole hiki kitatoa pointi 38, kile 21, na hakuna ajuaye idadi kabla kidole hakijagusa kioo.

Ndiyo maana maktaba za vifaa vya aina hii, zikiandikwa kwa lugha ya C, zinaweza kukurudishia strakti yenye mkia usio na urefu maalumu. Kichwani kuna namba ya kidole na idadi ya pointi. Pointi zenyewe hufuata. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kiliuhalalisha mkia huo. Kabla ya hapo watu walitangaza safu ya kipengele kimoja, kisha wakaupita mpaka wake makusudi. Anayejenga mfumo wa zahanati ya Homa Bay kwa Python hana budi kuusoma mkia huo kutoka nje ya C, na namna anavyousoma ndiyo inayonionyesha kama ni fundi.

Kwanza natazama mkia unaanzia wapi. Tuseme namba ya kidole ni baiti 4, idadi ni baiti 2, na kila pointi ni baiti 6: mbili za mlalo, mbili za wima, moja ya pembe, moja ya ubora. Kichwa kimekula baiti 6, na pointi ya kwanza inakaa hapo hapo kinapoishia. Ila ukiiuliza C ukubwa wa strakti kwa sizeof, kwenye kompyuta zetu za kawaida itakujibu 8, maana kompaila imeongeza baiti 2 tupu ili ukubwa ugawanyike kwa 4. Fundi asiyejua hujumlisha hiyo 8 kwenye anwani. Tangu hapo wima inasomwa kama mlalo, na pembe na ubora vinaunganishwa na kusomwa kama wima. Skrini haitoi kosa lolote. Namba zinakuja, zinahifadhiwa, na mgonjwa hatambuliwi. Fundi mzuri hutumia offsetof. Akiwa kwenye ctypes ya Python, huweka safu ya vipengele 0 mwishoni mwa strakti na kuiuliza sehemu hiyo inaanzia wapi. Nikiona 6 au 8 imeandikwa kwa mkono, naanza kuwa na shaka na kurasa zote zinazofuata.

Kuvuka kutoka kidole hadi kidole ndiko ninakokaa zaidi. Mchuuzi wa omena hakisii gunia la tatu kwa kulitazama la kwanza. Analifungua na kupima kwa gorogoro. Vivyo hivyo, rekodi ya tatu huwezi kuirukia kwa kuzidisha, maana kila moja ina urefu wake. Na kama maktaba huanzisha kila rekodi kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, kuna mtego mzuri sana hapa. Pointi 21 pamoja na kichwa hufanya baiti 132, na 132 inagawanyika, kwa hiyo hakuna cha kuongeza. Pointi 38 hufanya 234, haigawanyiki, na rekodi inayofuata inaanzia 236. Idadi yoyote ya witiri hupita salama. Idadi yoyote ya shufwa inahitaji zile baiti 2. Nimewahi kuona mfumo katika zahanati moja ya kando ya ziwa ukitambua vidole gumba siku nzima na kukataa vingi vya shahada. Mwandishi wake alikuwa amejaribu kwa vidole vyake tu, na gumba lake, rekodi ya kwanza, lilikuwa la witiri.

Kumbukumbu naipitia haraka: from_address ya ctypes haikopi chochote, inaazima tu. Pointi zinakiliwe kwanza, kisha maktaba iachilie kumbukumbu kwa kitendakazi chake yenyewe. Na idadi iliyoandikwa kichwani isiaminiwe kabla ya kulinganishwa na baiti zilizopokelewa kweli.

Kwa hiyo ninapoletewa msimbo wa kukagua, naomba majaribio kabla ya kitu kingine. Nataka mkono mmoja wenye kidole cha pointi 21, kinachofuatwa na cha 38, kisha kidole kilichosuguka hadi pointi 0, kisha kingine chenye pointi baada yake. Kidole cha 0 watu wengi hukisahau. Kinachukua baiti 6 tu, jirani yake anaanzia 8, na mwenyewe huenda ni yule mvuvi aliyepanga foleni tangu alfajiri baada ya kutoka ziwani.