Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Siku niliyomkuta Mjomba nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, tangi lilikuwa bado halijaundwa. Kulikuwa na meza ya mninga tu, na juu yake pimamaji. Alikitazama kitone cha hewa kikiteleza kushoto, akachomeka kipande chembamba cha ubao chini ya mguu mmoja wa meza, akatazama tena. Kitone kilipotulia katikati, aligeuza pimamaji kufuata upana wa meza, akaanza upya. Tangi alilokusudia lilikuwa la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Likishawekwa maji na mchanga, pamoja na vioo vyenyewe, lingekaribia kilo 70. Meza ikiinama hata kidogo, uzito huo huelemea upande mmoja, na maungio ya upande huo ndiyo yatakayovuja.

Fundi vioo wa mtaa wa pili alimkatia vipande vitano vya kioo cha milimita 6. Mjomba alisugua kingo zote kwa msasa uliolowa maji, mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, kisha akazifuta kwa spiriti ili gundi ishike. Gundi ilikuwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki. Aliipaka kwa mkupuo mmoja kutoka kona hadi kona, akasimamisha vioo, akavifunga kwa utepe, akapitisha kidole kwenye pembe za ndani. Sebule yote ilinuka siki. Alilisubiri lile tangi kwa wiki nzima mpaka harufu ikaisha, ndipo akalijaza maji barazani, juu ya magazeti makavu. Siku ya pili aliyapapasa magazeti yale kila upande. Yalikuwa makavu.

Muda huo wote samaki walikuwa kwenye daftari. Watu wengi huanzia dukani. Humwona mmoja mwekundu, mwingine wa buluu, wakawachanganya kama wanavyochanganya maua kwenye chungu. Mjomba aliwapima kwa maswali manne aliyoyaandika kwa kalamu ya risasi: anatoka maji gani, akikua atafika wapi, anaishi sehemu gani ya tangi, na ana tabia gani kwa jirani. Neoni tetra alifutwa kwenye swali la kwanza, maana maji ya kwao Amazon ni laini na yenye asidi. Kambare wa Amerika Kusini anayeuzwa kwa sifa ya kulamba mwani wa kijani kwenye vioo alifutwa kwenye la pili. Dukani ni wa kidole, akikua huweza kupita sentimita 30. Samaki dhahabu naye alifutwa, kwani hupenda maji ya baridi zaidi na uchafu wake ni mwingi mno kwa lita 54.

Aliyebaki ni mtu wa kwao. Mjomba alizaliwa Ujiji, na Ziwa Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470, ndilo lililomfundisha kuogelea. Alichagua Neolamprologus multifasciatus, jina linaloeleza kuwa ana mistari mingi. Yumo katika ukoo mmoja na sato na perege, lakini dume lake hufikia kama sentimita 4 na nusu tu, na jike ni dogo zaidi. Kule ziwani huishi ndani ya maganda matupu ya konokono yaliyolala chini mchangani. Hulala humo, hukimbilia humo, hutaga humo. Kwa samaki kama huyo, sentimita 60 za sakafu ni mtaa mzima.

“Na juu?” nilimuuliza. “Maji ya juu yatakaa bure?”

“Yatakaa bure, mwanangu. Hiyo ndiyo hewa yao.”

Nilidhani anatania. Baadaye nilielewa kuwa katika lita hizo zilizoachwa tupu ndipo ilipokuwa kazi yake. Samaki wachache katika maji mengi humpa mfugaji muda. Kosa la leo halimuui samaki kesho, litaonekana na kurekebishwa.

Mchanga ulikuwa wa mtoni, wa kawaida wa ujenzi, uliochekechwa mara mbili ili ubaki ule laini ambao samaki mdogo anaweza kuubeba mdomoni. Aliuosha ndoo kwa ndoo, akikoroga kwa mkono na kumwaga tope. Niliacha kuhesabu ndoo baada ya ya kumi. Yeye aliendelea hadi akauona mkono wake ndani ya maji bila ukungu. Aliutandaza kwa unene wa sentimita 5. Maganda 20 ya konokono wa bustanini, yaliyookotwa matupu, aliyachemsha na kuyasugua. Kila moja alilipitishia kidole gumba mlangoni. Lililobana aliliweka kando. Yaliyobaki aliyazika nusu, midomo ikitazama juu.

Kisha maji. Ya bomba aliyalaza kwenye pipa huku pampu ya hewa ikiyakoroga, ili klorini iondoke. Lakini maji ya Tanganyika ni magumu, yamejaa madini, na pH yake hukaribia 9. Kwa hiyo alisaga maganda ya chaza, akayatia kwenye mfuko wa wavu na kuuweka kando ya chujio, yayeyuke polepole na kuyapa maji chokaa. Aliongeza sodiamu baikaboneti, ile ile inayotiwa kwenye keki, kwa nusu kijiko cha chai, akapima, akasubiri hadi kesho yake, akapima tena. Chujio lenyewe lilikuwa sponji iliyovishwa bomba. Hewa ikipanda ndani ya bomba huyavuta maji yapite kwenye sponji, na uchafu hubaki humo.

Hapo tangi lilikuwa zuri, na mtu mwingine angeenda dukani jioni ile. Mjomba alisubiri wiki sita.

Kila asubuhi alidondosha punje chache za chakula kwenye tangi lisilo na samaki, zioze. Kinachooza hutoa amonia, ambayo ndiyo pia samaki huitoa kwa kupumua na kwa uchafu wake. Amonia ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu; wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaonekani, huota taratibu ndani ya sponji na juu ya mchanga, na hawaharakishwi kwa hamu ya mtu. Kwa maji ya Tanganyika jambo hili ni zito zaidi: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi.

Kila Jumamosi alitia matone ya kupimia kwenye kichupa na kukiinua dirishani. Amonia ilikuwa manjano, ikawa kijani, ikakolea, kisha ikaanza kurudi manjano. Nitriti ilikuwa buluu hafifu, ikageuka zambarau, ikakaa zambarau wiki mbili. Mjomba hakuguna. Aliandika rangi daftarini, akasuuza kichupa. Jumamosi ya sita amonia ilikuwa manjano na nitriti buluu. Aliweka chakula maradufu, akapima tena kesho yake ili asidanganyike. Rangi zilikuwa zile zile.

Samaki sita wachanga walitoka kwa mfugaji anayewazalisha nyumbani. Mfuko wao ulielea juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane. Kisha akawahamishia kwenye ndoo, akachukua mpira wa dripu, ule wa hospitalini, akalegeza kizibo chake mpaka maji ya tangi yakawa yanadondoka tone kwa tone ndani ya ndoo. Ilichukua saa nzima. Alikaa kando kwenye kigoda, mkono gotini, akitazama matone.

Walipoachiwa, waliganda pembeni. Mmoja alisogelea ganda, akatazama ndani, akaingia kinyumenyume. Kufikia jioni alikuwa anatoka na mchanga mdomoni, anautema hatua mbili mbali, anarudi. Alikuwa anachimba ua wa nyumba yake.

Februari joto la Dar es Salaam lilipanda, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Mjomba aliinua kifuniko, akaelekeza feni ndogo juu ya maji. Maji yaliyopungua kwa mvuke aliyafidia kwa maji ya pipa yasiyotiwa chochote, kwa sababu mvuke huondoka peke yake na madini hubaki. Umeme ulipokatika alikuwa na pampu ya betri karibu, maana bakteria wa sponji nao wanahitaji hewa.

Niliporudi Mei, nilimwamkia, akanionyesha tangi kabla hata hajaniuliza habari za safari. Niliona samaki sita. “Tazama mlangoni,” alisema. Niliinama mpaka paji la uso likagusa kioo. Kwenye mdomo wa ganda la tatu kulikuwa na nukta mbili nyeusi, kisha nyingine mbili. Macho. Vifaranga wadogo kuliko punje ya mchele walikuwa wamesimama kizingitini, mama yao nyuma yao.

Nilitaka kuendelea kutazama. Mjomba alikuwa ameshaleta ndoo na mpira wa kunyonyea maji. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kubadilisha robo ya maji. Alivisha wavu kwenye ncha ya mpira ili usimvute hata kifaranga mmoja, akautumbukiza taratibu kwenye kona iliyo mbali na ganda la tatu.