Hesabu kabla ya fomu

Kulamawe, kaunti ya Isiolo, kumtafutia kijana nafasi ya chuo huanzia sandukuni. Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo nchini Kenya, hutakiwa kuweka namba yake ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE), mwaka wa mtihani na nenosiri. Nenosiri lenyewe ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ile ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kutegemea shule ilitumia ipi ilipomsajili. Kwa hiyo "Mama, cheti changu ulikiweka wapi?" ni swali la kiufundi kabisa. Familia inayofuata malisho huwa na pa kuwekea karatasi, ila pengine ni kwa shangazi aliye Kinna.

Karatasi zikipatikana, simu ibaki mfukoni. Hapa ndipo wasaidizi wengi huharakisha, wakamwachia kijana wa saiba kule Isiolo mjini achague kozi huku foleni ikimsukuma. Ada ya ombi la kwanza ni shilingi 1,500. Kwa pesa hizo, kubahatisha ni ghali.

Kinachohitajika ni daftari na kikotoo. Gredi ya C+ humfikisha mtu mlangoni pa digrii, lakini ndani wanashindania pointi za klasta, yaani masomo manne ambayo kozi inayatazama. Tuseme msichana ana pointi 50 kati ya 84 za masomo saba. Kwa kozi moja, masomo yake manne yanafika 30 kati ya 48. Kwa nyingine, yanafika 34. Gawa pointi za klasta kwa 48, gawa jumla yake ya 50 kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Kozi ya kwanza inampa takriban 29.3, ya pili 31.2. Jibu la mfumo hutofautiana kidogo na la daftari, lakini sasa ana kitu cha kulinganisha na pointi za mwisho zilizoingiza watu kozi hiyo mwaka uliopita. Binti huyohuyo, gredi ileile, na kozi moja imempa pointi nyingi kuliko nyingine. Diploma, inayoanzia C-, asiidharau: KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, nacho huombwa humo humo kwenye tovuti ya KUCCPS.

Halafu kuna fedha, na hapa wengi huteleza: kupata nafasi hakuleti karo. Ufadhili na mkopo huombwa kwingine, katika tovuti ya HEF, ya ufadhili wa elimu ya juu, chini ya mfumo ulioanza 2023. Ulipopangwa kwa makundi matano, familia za kundi la kwanza zilibakiwa na asilimia 5 tu ya gharama. Asilimia 70 ilikuwa ufadhili, 25 mkopo. Kundi hutegemea majibu kuhusu kipato na ukubwa wa familia, na fomu imezoea watu wa mshahara. Mfugaji hana mwisho wa mwezi. Mwandikie hivi: mbuzi sita waliouzwa mwaka mzima, tuseme kwa 6,000 kila mmoja, ni 36,000, gawa kwa 12, ni 3,000 kwa mwezi.

Mzee akisita kutaja idadi ya mifugo mbele za watu, na wengi husita, asishurutishwe. Kijana amuulize jioni zizini, wakiwa wawili, aandike, arudi kesho.