Mbele ya Kibudu

Kwetu mnyama akifa bila kuchinjwa huitwa kibudu, na neno hilo hufunga mjadala: buruta, fukia, sahau. Madaktari wa mifugo wa Nyuzilandi wanaochunguza vifo vya ayala huanzia kazi pale pale neno letu linapokomea, nami nawastahi kwa hilo.

Nchi hiyo iliruhusu ufugaji wa ayala mwaka 1969. Huyu ni mnyama ambaye dume wake huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Ni mwoga, tena huficha maradhi. Jana alikula na wenzake. Leo amelala ubavu kando ya ua.

Daktari hodari hakimbilii kisu. Hutazama nyasi: je, zimeparuliwa kwa kwato za mnyama aliyehangaika, au zimetulia? Hutazama pua na njia ya haja, maana damu nyeusi isiyoganda huweza kuwa ya kimeta, na mzoga wa kimeta, popote duniani, haupasuliwi. Huuliza mvua ilinyesha lini, kundi lilihamishwa lini, na jirani anafuga nini. Kisha hupasua upesi, kwa kuwa manyoya mazito na tumbo lililojaa majani huhifadhi joto na kuozesha mwili mapema.

Akiwa ni mtoto aliyeachishwa kunyonya karibuni, katika baridi yake ya kwanza, utumbo uliowaka na tezi zilizovimba humpeleka daktari kwenye bakteria wa yasinia, wanaobebwa hata na ndege na panya.

Dume mzima ni mgumu zaidi. Pengine macho hayaoni kitu. Vipande vya figo, ini na ubongo hutiwa kwenye fomalini, na baadaye darubini huonyesha mishipa ya damu iliyozingirwa na chembe nyeupe. Kumbe ni virusi vya kondoo wa ng'ambo ya ua, na kondoo mwenyewe ana afya tele! Wamaasai wanaijua sana habari ya namna hii: nyumbu wakizaa, wao huwaondoa ng'ombe wao. Mwaka 1960, nchini Kenya, Walter Plowright na wenzake walivipata virusi vya nyumbu, ambavyo ni ndugu wa hivi vya kondoo. Kila nikimfikiria daktari yule akiuliza, "Kondoo wako wanalisha wapi?" nasikia swali la mchungaji wa Kimaasai.

Ila ninachokienzi kuliko vyote ni maneno mawili ambayo daktari haoni haya kuyaandika baada ya jasho lote hilo: sababu haikupatikana. Asingethubutu kumbambikia mfu ugonjwa ili mwenye shamba aridhike.

Wewe mfugaji unayesoma haya, mnyama wako akifa ghafla usimchune, wala usigawe nyama yake. Mfunike, wafukuze mbwa, umwite daktari wa mifugo asubuhi hiyo hiyo.