Pongezi kwa Mtunga Maswali

Makofi huwa ya mshindi. Mimi nampongeza mwalimu aliyekesha akitunga maswali ya chemsha bongo. Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda yaliyofunguliwa mwaka 1958, darasa moja laweza kuwa na Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali. Aliyeanza shule kwa Kifaransa huko Kivu hesabu anaziweza, ila swali likisomwa haraka kwa Kiingereza, keshapitwa. Ndiyo maana mwandaaji mzuri wa chemsha bongo hapa husoma swali mara mbili, taratibu, na huchanganya timu ili watoto wa taifa moja wasijazane upande mmoja. Maswali huyatoa katika masomo manne ya mtihani wa darasa la saba: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kengele ikikosekana, kijiko na sahani ya bati vyatosha. Saa ni ya simu, chaji ikiwepo.

Kazi ngumu hasa ni rufaa. Timu inadai jibu lake ni sahihi, ukumbi unapiga kelele, naye mwandaaji anafungua kitabu mbele ya wote. Akiona wana haki, anawarudishia pointi zao. Nionyesheni refa wa mpira, Mbarara nzima, anayethubutu hivyo.